Aliyebaki Nje ya Geti

Siku Edwin alipong'oa geti la nyumba yake mwenyewe, majirani wa mtaa ule wa Sumbawanga waliona sasa mambo yameharibika. Askari mstaafu, mtu mpole, anaendesha lori la mahindi kutoka Laela bila ugomvi na mtu, leo kashika spana na nyundo anang'oa bawaba saa sita mchana!

Jeshini Edwin alikuwa koplo, dereva wa boza la maji. Waasi waliokuwa wakisaidiwa na askari wa nchi jirani waliingia mashariki ya Kongo, wakawa wanateka mji baada ya mji. Nchi rafiki za Kongo zikakaa vikao, zikalaani, zikakaa tena, mwishowe zikakubaliana kupeleka majeshi. Edwin akaenda na kikosi chake. Mji waliopangiwa uliwapokea kwa vigelegele, kina mama wakawatandikia vitenge barabarani wapite juu yake.

Kila asubuhi alikuwa akichota maji ziwani na kujaza matangi ya kambi, na yaliyobaki akiwagawia watu wa jirani pale getini. Msimamizi wa foleni alikuwa mama mmoja mfupi, muuza maandazi, anaitwa Mama Kavira. Hakuchaguliwa na mtu. Alipanga madumu kwa mstari ulionyooka kama gwaride, na aliyeruka foleni alipigwa kofi la mgongo, awe mkubwa awe mdogo.

"Mutanzania," alimwambia Edwin siku ya kwanza, "sasa mumefika, tutalala usingizi."

Mji ukaanguka hata hivyo. Majeshi ya kigeni yakaambiwa yabaki ndani ya kambi zao, yasifyatue risasi, yasubiri wakubwa wazungumze. Wakubwa walikuwa wakizungumza kweli. Leo mkutano uko mji huu, kesho mji ule, na redio ya kambini ilisoma maazimio yao yote. Geti likafungwa, ikatoka amri lisifunguliwe kwa raia yeyote.

Watu walikuja na madumu yao vilevile. Mama Kavira akawa anapiga dumu tupu kwa kiganja, anaita kwa ile sauti yake nzito.

"Edwini! Maji tu! Hatuombi bunduki, tunaomba maji!"

Boza lilikuwa limesimama nyuma ya Edwin na maji tele. Edwin alimtazama mkubwa wa zamu, mkubwa wa zamu akatazama chini. Basi Edwin akapanda kwenye lori lake, akapandisha vioo, akakaa.

Siku moja dumu halikulia. Akachungulia kwenye upenyo wa geti. Madumu ya njano yalikuwa pale, yamepangwa kwa mstari ulionyooka, na hapakuwa na mtu hata mmoja. Aliuliza, hakuna aliyejua. Kikosi kilipokuja kutolewa kwa malori kurudishwa nyumbani, alitazama kila uso uliosimama kando ya barabara mpaka macho yakamuuma. Hakumwona.

Mkataba wake ulipokwisha hakuongeza mwingine. Alirudi kwa mkewe Coleta na binti yao Victoria, akapata kazi ya lori, na kwa muda mrefu Coleta aliona jambo moja tu lisilo la kawaida. Kila alipopanga madumu bombani, Edwin alipita akayalaza yote chini, moja moja.

Kiangazi kimoja maji ya bomba yakakatika mtaa mzima, na nyumba yao ilikuwa na tangi. Edwin alikuwa anakula, geti likagongwa. Aliyegonga hakugonga kwa mkono, aligonga kwa dumu tupu. Coleta alimwona mumewe akiachia tonge, jasho likimtoka kwenye upepo wa baridi wa kiangazi cha Sumbawanga.

"Baba Victoria, ni Jasmin, wa dukani. Anataka maji."

Coleta akaenda kufungua, akamjazia Jasmin dumu lake. Aliporudi alimkuta Edwin anatafuta spana.

"Unafanya nini?"

"Nalitoa hili."

"Ng'ombe wa watu wataingia humu. Wezi wataingia."

"Waingie."

Ng'ombe waliingia kweli, wakala mboga. Kuku wawili wakapotea. Coleta akaona hili limemshinda, akampigia simu baba mkwe wake.

Mzee Alois alikuja na basi kutoka kijijini, akiwa na ulezi kwenye kiroba. Ujana wake alipigana vita ya Kagera, na kwa miaka mingi alikuwa katekista. Alipita pale palipokuwa na geti, akatazama nguzo mbili zilizobaki, akakaa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mke wako kaniambia. Nami sikuwahi kukuuliza. Huko mlishinda au mlishindwa?"

"Hatukupigana, baba. Tulifungiwa ndani."

Mzee akashusha kiroba chini. "Sisi tulipovamiwa, tuliwasubiri marafiki. Wengine walituma salamu. Wamsumbiji walikuja, nikala nao ugali sufuria moja. Mpaka leo nikisikia lugha yao barabarani nasimama."

"Sisi tulikwenda, baba. Hapo ndipo panaponitesa. Tulikwenda, wakatuamini, wakakaa karibu na geti letu badala ya kukimbia." Akasema yote, madumu, sauti, vioo vya lori. Coleta alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Ndiyo kwanza anasikia.

Mzee hakumwambia kwamba ilikuwa amri. Hakumwambia asahau. Chakula kilipotengwa aliuliza, "Huyo mama, jina lake la ubatizo ulilijua?"

"Mama Kavira tu."

"Linatosha." Mzee akavua kofia, akainua mkono kufanya ishara ya msalaba, ukafika kwenye paji la uso, ukasimama. "Niambie, mwanangu. Nimwombee kama mzima, au kama marehemu?"

Edwin akatazama nje, pale palipokuwa na geti. Ugali ukawa unapoa. Mzee Alois akauacha mkono wake palepale kwenye paji la uso, anasubiri jibu.