Brashi Iliyoacha Kumfuata Mzee Mahjub

Kwetu Swira, mji wetu wa pwani, kila mtu anajua kwamba wimbo una rangi. Kwenye ngoma ya Wagnawa, ile ya kupunga mizimu, kuna nyimbo nyeupe, kuna nyeusi, kuna za buluu na kuna nyekundu, na fundi mpigaji akishaingia kwenye nyekundu, ole wako uonekane na kitambaa cha buluu; bibi zetu watakuumbua mbele za watu. Sasa niambie wewe: mtu aliyezaliwa uchochoro huohuo, akachora kwa nyimbo hizohizo miaka kumi na tisa, anawezaje kupaka buluu wakati inapigwa nyekundu? Bujemaa aliweza. Tena si mara moja!

Huyu Bujemaa hakusomea kuchora. Alikuwa aking'arisha vijisanduku vya mbao katika karakana ya mjomba wake, mpaka Alhamisi moja Mzee Mahjub, fundi wa gimbri, lile gambusi la nyuzi tatu, asiyeona tangu ujana wake, alipokaa kizingitini kuwapigia maseremala. Bujemaa akachovya tambara kwenye rangi ya mbao, akaanza kuligonga ubaoni kwa kufuata nyuzi zile tatu. Hakuchora mtu wala ngamia. Yalitoka madoa, mikwaruzo na duara zinazofukuzana, lakini ukiutazama ubao ule mguu wenyewe unataka kucheza. Tangu hapo hawakuachana. Kila Alhamisi baada ya alasiri, mke wa mzee, Mbarka, humfikisha mlangoni kwa Bujemaa akaenda zake sokoni. Mzee hupiga, Bujemaa huchora. Wimbo ukiisha na picha imeisha. Ndipo mzee huuliza, "Haya mwanangu, leo nimetokaje?"

Kisha ikaja balaa ya buluu. Picha moja ya buluu ilipendwa sana, na mwenye duka la picha akataka nyingine kama ile, na nyingine tena. Nyekundu, alisema, inawatisha wageni. Bujemaa akazoea. Asubuhi anazichora zote, duara kwa duara, redio ikibwabwaja habari za mpira. Alhamisi mzee akija, Bujemaa anajitia anachora, kumbe anaburuta brashi tu juu ya buluu ya asubuhi, akingoja wimbo uishe. Halafu anamvisha mzee wa watu kilemba cha ukoka: "Leo umetoka mwekundu, Baba Mahjub, mwekundu wa komamanga!" Mzee anacheka mpaka kofia inataka kumdondoka.

Sikukuu ilipokaribia, mzee akaomba apewe nyekundu moja atundike kwake. Nyekundu haikuwapo. Bujemaa akamfungia buluu kwenye gazeti, akampa kwa mikono miwili, na akapokea dua.

Baada ya hapo mzee hakuja Alhamisi moja. Bujemaa, nisimfiche, alishusha pumzi. Ya pili hakuja. Ya tatu Bujemaa alikitazama kibao alichozoea kukalia mzee, kitupu, akaona hawezi kungoja ya nne. Akanunua bonge la sukari, kama inavyopasa mtu anapokwenda kwa wakubwa, akashika njia.

Mbarka alimfungulia. "Ehee! Umepotea njia leo?"

"Nimekuja kumwona mzee, mama."

"Karibu umwone. Na ile nyekundu yako uione pia."

Picha ilikuwa imetundikwa sebuleni, mahali pa heshima, juu ya godoro la wageni. Buluu tupu. Mbarka akamvuta kando, akasema kwa sauti ya chini, "Kila anayeingia, mume wangu anamwambia, nitazame pale ukutani nilivyo mwekundu. Watu wananikodolea macho mimi. Miaka arobaini na moja sijamdanganya hata bei ya nyanya. Sasa naitikia, ndiyo, mwekundu. Umenifunza uongo uzeeni, Bujemaa."

Haya ilimvaa Bujemaa mwili mzima. Mikono ilikuwa bado na rangi kwenye kucha. Akaificha nyuma kama aliyekamatwa na vya watu.

Mzee alikuwa ameketi dirishani. Gimbri ilikuwa msumarini, nyuzi zimelegezwa zote.

"Ni Bujemaa huyo? Kaa, mwanangu. Usinilaumu. Nimeacha kupiga."

"Umeacha? Kwa nini, baba?"

"Vidole vimekufa. Wewe una adabu, huwezi kuniambia. Lakini brashi yako naisikia. Zamani nilikuwa nikigonga, nayo inagonga kanvasi papo hapo. Nikikimbia, inakimbia. Sasa huu mwaka wa pili inaburuta tu, swaa, swaa, kama mtu anayepangusa meza. Nikasema, basi, Mahjub, umekwisha. Hata Bujemaa humchezeshi tena, anakusifu kwa huruma."

Bujemaa alitamani ardhi ipasuke. Alikuja na maneno tayari, kwamba kazi zilikuwa nyingi, kwamba na yeye aliumwa. Yote akayaacha.

"Baba, picha ile ni ya buluu."

Mbarka aliacha kumimina chai.

"Zote ni za buluu. Nazichora asubuhi, wewe hupo. Ukija sichori. Sikusikilizi hata."

Mzee hakupandisha sauti. Aligeuza uso wake polepole. "Kwa hiyo haikuwa mimi?"

"Haikuwa wewe, baba. Wallahi haikuwa wewe."

"Mbarka! Umesikia? Haikuwa mimi!" Akaanza kucheka, machozi yakimtiririka, na furaha ile ndiyo iliyomchoma Bujemaa kuliko matusi yote ambayo angetukanwa. "Niletee gimbri. Na hicho kitu kishushe ukutani."

Mbarka akaishusha picha, akaisimamisha mlangoni, uso wake ukutani. Bujemaa alisimama aondoke nayo.

"Wewe kaa," mzee akasema huku akikaza nyuzi. "Leo huchori. Leo unasikiliza."

Akapiga. Alipoingia kwenye nyekundu, vidole vile alivyovizika vilikuwa vyepesi, vikali, havina mfano. Mkono wa kulia wa Bujemaa ukaanza wenyewe kugonga goti, papo hapo, pamoja naye. Mzee akausikia, akatabasamu, akakaza mwendo. Bujemaa akauona mkono wake, wenye buluu kwenye kucha, akaukalia, asikilize tu.