Kunyonyesha Nyuma ya Ua wa Kambi

Siku ya kwanza kazini nilifika kambini Kiamunyi, pembeni mwa mji wa Nakuru, na mfuko mmoja, jozi moja ya raba za kukimbilia na matiti yaliyojaa maziwa. Nasema kazini, na kijana asicheke. Wengi wenu mnadhani riadha ni kipaji tu: mtu anaamka, anatimua vumbi, anaitwa shujaa. Sisi tuliamka alfajiri siku sita kwa wiki, tukala tulichopangiwa na kulala mchana kwa amri. Kama hiyo si kazi, basi hata mwalimu darasani anacheza.

Nilikuwa na sababu. Mume wangu, Baba Njeri, alikuwa mchonga mawe machimboni. Jiwe lilimwangukia likamvunja nyonga, na tangu hapo hakuweza kuinua kitu kizito kuliko ndoo ndogo. Njeri wetu alikuwa na miezi minne. Nyumbani kwetu, kijijini Bahati, mwenye miguu mizima nilikuwa mimi peke yangu, na miguu hiyo ilishawahi kushinda mbio kabla sijaolewa. Tukakubaliana kwamba mimi nitakimbia, yeye atalea.

Meneja wa kambi, aliyeshika daftari la majina na funguo za stoo, hakuniuliza kama nina mtoto. Nami sikusema. Hilo lilikuwa kosa langu na ninalikubali. Kanuni ya kambi ilikuwa kwamba unaingia Jumatatu na kutoka Jumamosi baada ya mbio ndefu, na katikati hakuna mtu wa familia anayekuja. Baba Njeri akapanga chumba karibu. Kila siku saa nne, mazoezi ya asubuhi yakiisha, alikuja akichechemea na mtoto kifuani, akasimama nyuma ya ua wa miti ya miiba, kayaba. Mimi nilijifanya naenda dukani kununua sabuni, nikakaa kwenye jiwe na kunyonyesha. Sabuni niliyonunua mwezi ule ingefua nguo za kijiji kizima.

Siku ya Jumanne ilikuwa ya fatleki, yaani kukimbia kwa kasi dakika mbili na polepole dakika moja, tena na tena, juu na chini ya vilima. Wiki ya tatu, katikati ya kilima, fulana yangu ililowa kifuani na haikuwa jasho. Kocha mkuu, aliyekuwa bingwa zamani na ambaye filimbi yake iliogopwa kuliko polisi, akatusimamisha wote.

"Kwani wewe unanyonyesha?"

Nikasema ndiyo.

"Hii ni kambi, mama, si kliniki. Mwili hauwezi toa maziwa na spidi pamoja. Chagua."

Nikamuuliza mbona wanaume sita waliokuwa pale wana watoto na hawajaambiwa wachague. Akasema hao hawanyonyeshi, na wote wakacheka, wakiwemo wale sita. Mchana huo nilikuwa nimefunga mfuko wangu. Nilipomweleza Baba Njeri, hakunipa pole. Alisema tu, "Barabara za Bahati si za huyo kocha, Mama Njeri. Utakimbilia nyumbani, mimi nitashika saa."

Ndivyo tulivyofanya. Alisimama kando ya barabara, mtoto mkono huu, saa mkono ule. Sungura wangu, yaani yule anayetangulia ili uige kasi yake, alikuwa muuza maziwa mmoja aliyepeleka mitungi sokoni kwa baiskeli. Mlimani nilimpita, mteremkoni akanipita, na kila mara alipopita alinisalimia kwa heshima, jambo ambalo kambini sikuliona.

Miezi mitatu baadaye nilirudi Nakuru kwa mbio za mchujo. Timu, ambayo kocha mkuu yule yule ndiye aliyeichagua, ilihitaji wanawake watatu wa kwenda ng'ambo, nami nikamaliza wa pili. Majina yaliposomwa, langu halikuwepo. Nilimfuata kocha mkuu mbele ya watu. Alikiri kwamba nimekimbia vizuri, kisha akasema hawezi kupeleka ng'ambo mtu ambaye akili yake iko kwa mtoto. Kwenye orodha hiyo hiyo kulikuwa na mwanamume ambaye mkewe alikuwa amejifungua juzi yake. Jina lake liliposomwa watu walipiga makofi, wakasema sasa atakimbia kwa nguvu ya baba. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilikasirika siku ile na bado nimekasirika. Watu wa kanisa wananiambia nisamehe. Yule mtu nimemsamehe. Lile jambo, hapana.

Kambi yangu ya pili ilikuwa upande wa Longonot, chini ya kocha aliyestaafu jeshini. Nilimweleza kila kitu kabla hata ya kuketi. Alinitazama, akasema, "Mimi napima saa. Hiyo ingine ni yako na bwana yako." Nilikimbia chini yake miaka mingi, katika miji ambayo majina yake mama yangu hakuweza kutamka. Watoto wetu watatu walisoma kwa miguu hii. Nyumba nikajenga Kiamunyi, na niliichagua Kiamunyi makusudi.

Goti liliponishinda, nilistaafu pamoja na wanaume wawili, na wanariadha wa kambi zote wakaalikwa kwenye ukumbi mmoja mjini kutuaga. Yule kocha mkuu wa kambi yangu ya kwanza alikuwa mgeni rasmi. Wenzangu walipewa saa za mkononi na vikombe. Mimi niliitwa "mama yetu", nikapewa seti ya sufuria. Watu wakapiga vigelegele. Nikaomba maikrofoni.

"Nilipokuwa nakimbia mlisema mimi ni mama, siwezi kuwa mwanariadha. Leo nastaafu riadha, mnanipa vyombo vya jikoni. Sasa miaka hiyo yote nilikuwa nani?"

Mfawidhi wa sherehe aliweka muziki haraka.

Sufuria zenyewe ni nzuri, sikatai, na hupika kila siku. Maana nilipokuwa nikitoka, msichana wa kambi ya Kiamunyi alinifuata hadi mlangoni akaninong'oneza kwamba ana mtoto wa miezi mitano na kocha wao hajui. "Mathe," akaniita, yaani mama, "nifanyeje?" Nikamwambia amlete kwangu.

Leo watoto wachanga walioko kwangu ni watatu. Baba Njeri anawabembeleza huku akilalamika kuhusu nyonga, na saa nne mama zao wanaingia sebuleni na jasho lao, wanakaa kwenye kochi langu na kunyonyesha kama watu. Yule msichana wa kwanza ameongoza mchujo wa juzi. Nimemwambia nilivyokosea mimi kwa kuficha, naye amekata shauri. Jumatatu ataingia ofisini kwa kocha wake akiwa amembeba mwanawe, na mimi nitakuwa kando yake.