Kibuyu Mlangoni

Kwa miaka mingi nimekana kwamba mtoto aliyekuwa akipotea ni mimi. Nikiwafundisha walimu wa chekechea nilisema tu, "kulikuwa na mtoto mmoja," kama daktari anayeeleza ugonjwa wa mtu baki. Juzi nilialikwa redioni kuzungumzia jinsi watoto wadogo wanavyojifunza wakiachiwa kubuni kazi yao wenyewe, nikasimulia tena habari za mtoto yule. Nilisimulia vizuri, na ndicho kilichoniponza.

Wewe uliyekulia huku utanielewa. Wakati wa Imajensi, serikali ya kikoloni ilipopambana na wapiganaji wa msituni, tulihamishwa kutoka maboma yetu ya Kanja, tukakusanywa katika kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa. Nyumba zilijengwa kwa haraka, zote sura moja, zimepangwa mistari kama wafungwa wanaohesabiwa. Asubuhi filimbi ililia, mama zetu wakaenda kuchimba matuta ya lazima, sisi tukabaki uwanjani na nyanya yangu, ambaye magoti mabovu yalimwokoa na jembe. Hata leo nikisikia harufu ya kuni mbichi na maharagwe yanayokaribia kuungua, najiona nimeketi pale.

Shida yetu watoto ilikuwa kujua kwetu ni wapi. Mimi kila mara niliishia nyumba ya jirani, mstari wa pili, nikala githeri yao, mahindi na maharagwe, hadi katikati ya bakuli ndipo nikagundua kwamba aliyenipakulia si mama.

Binti wa jirani huyo, aliyenizidi umri kidogo na akili sana, na ambaye mdogo wake naye alikuwa akipotea, alimwuliza nyanya tufanye nini. Nyanya alikuwa akipepeta maharagwe.

"Wewe waonaje?" akamjibu.

Baadaye chuo kikuu nilisoma vitabu vinene vinavyolisifu swali hilo. Nyanya alilitumia kwa sababu alikuwa amechoka.

Basi tukaona wenyewe. Tulipaka majivu milangoni, mvua ikayaosha. Tukachomeka maua, yakanyauka. Baada ya ugomvi mwingi tukakubaliana kila nyumba itundike kitu chake: hapa mfupa, pale mwiko uliovunjika. Kwetu tulitundika gunzi la mahindi. Kwa jirani, kibuyu kikubwa kilichopasuka.

"Wewe tungekutundika mwenyewe," binti wa jirani aliniambia. "Labda ungeona kwenu."

Siku chache baadaye akaja homugadi, mmoja wa wenyeji waliopewa bunduki watulinde, au watuchunge, sijui. Siku hizo kitu kilichoning'inia mlangoni kilinuka kiapo cha watu wa msituni. Alisimama mbele ya nyanya, ambaye kwa lugha yetu wote walimwita Cucu.

"Cucu, hizi alama ni za watu wa msituni?"

"Ni za watoto."

"Wamefundishwa na nani?"

"Hakuna."

"Watoto hawapangi mambo namna hii bila mtu mzima. Twende ukamweleze mkubwa."

Waliokwenda kumweleza mkubwa walirudi wakiwa wamebebwa, waliorudi.

"Mimi niko na maharagwe yangu," nyanya akasema. "Waulize wao."

Homugadi akatutazama, na kati ya wote akanichagua mimi. "Wewe, nenda kwenu tukuone. Akikosea, Cucu, tunaondoka nawe."

Nyanya akaacha kupepeta.

Nilikwenda. Nikapita mfupa, nikapita mwiko, hadi mlango uliokuwa na gunzi na kibuyu pamoja. Nikaingia, nikatoka nimebeba kigoda cha nyanya. Homugadi alikitazama kigoda, akamtazama mwenyewe, akasema tu, "Mfupa ule utoeni, unatisha," akaenda zake. Nyanya akaanza upya kupepeta, lakini nusu ya maharagwe yalimwagika chini.

Kuhusu kile kibuyu kilichofika mlangoni kwetu, redioni nilikuwa na maelezo tayari. Niliwaambia wasikilizaji kwamba watoto, bila kuelekezwa, waliboresha mradi wao kwa kuunganisha alama ili kuonyesha ujirani. Nikasema pia kwamba mtoto yule alifika kwa sababu alikuwa amejifunza kusoma alama yake.

Kijiji hakipo tena. Handaki lilifukiwa, mahali pake pana michai. Nyanya alikufa kabla sijawa na akili ya kumwuliza lolote. Nilidhani nimebaki na habari hii peke yangu, nayo itakuwa vile nitakavyosema.

Asubuhi iliyofuata kipindi, simu ya ofisini ililia.

"Ni yule wa kupotea?" sauti ya mwanamke iliuliza.

Nilikana kidogo, kwa mazoea.

"Wacha hayo. Ujirani gani uliokuwa ukisema redioni? Nilimsikia homugadi akimtisha Cucu, nikapita nyuma ya nyumba, nikakitoa kibuyu chetu nikakitundika kwenu. Nilijua miguu yako hufuata kibuyu."

"Lakini gunzi niliona."

"Gunzi hukuwahi kuliona hata siku moja."

Kisha, kwa kuwa mimi ni msomi na lazima niulize kitu, nikamwuliza mdogo wake alifikaje kwao siku ile, mlango wao ukiwa hauna alama.

"Hakufika," alisema. "Alikula kwenu."