Muuzaji ni Phanice

Kama umewahi kununua dawa ya kupe pale Uriri, kwenye duka la agroveti lenye mlango wa kijani, basi umehudumiwa na Phanice. Usibishe. Itazame risiti yako chini kabisa: "Muuzaji: Phanice." Kwamba aliyekupimia dawa alikuwa mwanamume mrefu mwenye ndevu chache na sauti ya kwaya, hayo ni yako na macho yako. Kompyuta imeshasema.

Mwanamume huyo ni Fanuel, mume wa Phanice. Phanice mwenyewe yuko Saudia, anaosha nyumba za watu.

Alisomea mifumo ya habari za biashara katika chuo kimoja cha Homa Bay, akahitimu, akazunguka na vyeti vyake mpaka viatu vikaisha soli. Ofisi zote zilimwambia aache namba ya simu. Binti yao Millicent alipopata nafasi shule ya bweni Asumbi, na duka nalo linasuasua, wakala akaja na habari za Uarabuni. Msomi mzima kwenda kupiga deki! Lingekukaa kooni hata wewe. Lakini karo haingoji koo la mtu lipone, na Phanice akakubali kwenda miaka miwili.

Kabla ya kuondoka alilitengenezea duka hifadhidata, yeye peke yake, msimu mzima wa mvua, akiwa ameketi juu ya magunia ya chakula cha kuku na kompyuta mapajani. Kisha akamketisha mumewe amfundishe. Fanuel alikuwa mtu wa ng'ombe na jembe, lakini hakuwa mzito.

"Angalia, Baba Millicent. Hii jedwali ni ya bidhaa. Hii ni ya wateja. Hii ni ya mauzo. Kila mteja ana namba yake."

"Namba ya nini na jina lipo?"

"Wewe unajua akina Nyamhanga wangapi?"

Fanuel akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Kutoka upande wa Kuria walikuwa wanakuja wengi, na wote wanafuga.

"Umeona? Bila namba, chanjo ya ng'ombe wa huyu utaiandika kwa ng'ombe wa yule. Jina linarudiwa, namba hairudiwi. Na kompyuta haina macho. Inajua tu ile umeiambia. Ukiidanganya asubuhi, jioni itakudanganya wewe, na haitaona haya."

Akamfungulia jina lake la kuingilia, Fanuel, na neno lake la siri. Jina lake yeye, Phanice, alimwachia kwa ajili ya matengenezo tu, siku mambo yakiharibika. Na akauagiza mfumo umtumie ripoti kila Jumamosi jioni huko aliko: nini kimeuzwa, saa ngapi, na nani ameuza.

Asubuhi ya kwanza baada ya ndege kuruka, Fanuel alifungua duka, akawasha kompyuta, akaingia kwa jina lake. Kioo kikaandika: "Karibu, Fanuel." Alikitazama. Hakuna mtu duniani aliyehitaji zaidi kukaribishwa katika duka lile kuliko yeye, na hakuna makaribisho yaliyowahi kumchoma namna ile. Akatoka. Akaingia kwa jina la mkewe.

"Karibu, Phanice."

Ilikuwa kana kwamba mkewe ameingia, ameweka pochi kaunta, na sasa hivi atauliza kwa nini sakafu haijafagiliwa. Fanuel akachukua ufagio, akafagia. Tangu siku hiyo hakuingia tena kwa jina lake.

Wateja walipoanza kuzisoma risiti walimfanyia mzaha. Mzee Nyamhanga, mmoja wa wale wengi, aliinua ya kwake juu, mbele ya watu. "Huyu Phanice ana mikono mirefu kweli. Iko Arabuni na inanipimia dawa hapa!" Duka likacheka, naye Fanuel akacheka nao. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na yeye alikuwa ameupinga msemo huo kwa kompyuta, kimyakimya. Kila jioni alisoma mauzo ya siku, mstari kwa mstari: Phanice, Phanice, Phanice. Alikuwa mpweke mno, na hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake. Kwamba Phanice naye anaisoma mistari ileile Jumamosi, hilo alilijua kama unavyojua kwamba una kisogo.

Shangazi yake, Filister, hakuwa mtu wa risiti. Yeye alikuwa mtu wa kuangalia jikoni kama moshi unatoka.

"Fanuel, nyathina, mwanangu, hii boma imekuwa baridi. Mwanaume hapiki ugali yake mwenyewe akaitwa mwanaume."

"Waya," akajibu, akimwita shangazi kwa Kijaluo, "mwenye jikoni anarudi."

"Anarudi lini? Wale huenda na kuongeza, na kuongeza. Kuna huyu msichana Edith, mtoto wa jirani yangu. Ana adabu. Si akuje tu akusaidie dukani?"

Fanuel alijua msaada wa shangazi huanzia dukani na huishia wapi. Alikataa, akakataa tena. Lakini mwaka wa pili ukielekea mwisho, siku ya wazazi kuwatembelea watoto Asumbi ilipofika, ikaangukia Jumamosi, na soko limefurika, na Millicent ameomba baba asikose. Akasalimu amri. Edith akaja asubuhi. Fanuel akamwachia mfumo ukiwa wazi, akamwonyesha pa kubonyeza, akaenda zake.

Kule Asumbi alimpigia Phanice simu ili azungumze na mtoto. Walizungumza wakacheka, na Millicent akalia kidogo, kisha wakaagana. Fanuel akarudi nyumbani moyo mweupe. Edith alikuwa amefanya kazi vizuri, akashukuriwa, akaenda kwao. Mambo yakaishia hapo, alivyodhani Fanuel.

Wiki nzima Phanice hakupiga. Alipiga Ijumaa iliyofuata, siku yake ya mapumziko, na sauti yake ilikuwa imefungwa kama mlango.

"Baba Millicent. Jumamosi, ile saa tulikuwa tunaongea uko Asumbi, nani alikuwa dukani?"

"Edith. Mtoto wa jirani ya waya. Aliketi siku hiyo moja tu."

"Na Edith siku hizi anaitwa Phanice?"

Fanuel akageuka kuitazama kompyuta.

"Nimerudia ripoti za nyuma," Phanice akasema. "Zote, tangu niondoke. Jina lako hakuna hata mahali pamoja. Kila siku ni mimi nimeuza. Mimi sijauza hata sindano, Fanuel." Hakuwa na kawaida ya kumwita kwa jina. "Najua ile maneno waya yako anasema, yananifikia hata huku. Nilikuwa nasema ni maneno tu. Sasa naona kuna mtu anakaa kwa kiti yangu na jina yangu, na wewe umenyamaza. Hata kama ni mke unataka, si ungempea jina yake?"

"Hakuna mtu! Ni mimi. Siku zote hizo ni mimi nilikuwa nauza."

"Kwa jina yangu? Kwa nini, na nilikupea yako?"

Hapo ndipo Fanuel alipoona upumbavu wake wote, mzima mzima. Alitamani kusingizia neno la siri, kwamba alilisahau. Akaona aibu kusema uongo juu ya uongo.

"Ile asubuhi ya kwanza iliniandikia karibu, nikaona niko peke yangu. Nikaingia na jina yako ndiyo ikukaribishe wewe. Nilikuwa nataka tu kukuona asubuhi, Mama Millicent. Ni hiyo tu. Nimekukosa mpaka nimekuwa mjinga."

Akasikia kwamba Phanice analia, ile namna yake ya kulia akiwa ameuma kitambaa.

"Na mimi je?" akasema. "Unadhani ile ripoti niliweka ya nini? Ya kujua wembe ngapi zimeuzwa? Niliweka ndiyo nikuone. Kwamba saa mbili Fanuel amefungua, saa saba Fanuel ako, jioni Fanuel amefunga. Kila Jumamosi nafungua nakutafuta, najipata mimi. Nikasema labda hakai dukani. Nikasema labda ako mahali kwingine. Niko huku nafuta vioo vya watu nikijiuliza uko wapi."

"Niko hapa. Sijatoka hapa. Rudi, mwezi huu mkataba unaisha, rudi nyumbani."

"Nilisaini jana," akasema Phanice. "Miaka miwili tena. Nilisaini na hasira."

Walikaa kwenye simu wakisikilizana wakipumua mpaka salio la Phanice likaisha.

Kesho yake Fanuel aliwahi dukani kabla soko halijaamka. Akaandika jina lake na neno la siri ambalo hakuwa amelisahau hata siku moja. "Karibu, Fanuel." Ilimchoma vilevile. Hakukuwa na mteja bado, na bila mauzo hakuna mstari, na bila mstari Phanice hangejua kwamba ameamka. Akachukua pakiti ya mbegu za sukuma wiki, akatoa pesa mfukoni, akajiuzia. Mteja: Fanuel. Muuzaji: Fanuel. Saa sita mchana akajiuzia nyingine. Jioni kabla ya kufunga, nyingine.

Ilikuwa Jumamosi, na ripoti ilipokwisha kwenda, ujumbe ukaingia kwenye simu yake.

"Nimekuona. Asubuhi, mchana na jioni. Lakini hizo sukuma zote unapanda wapi?"

"Nyuma ya jikoni yako," akajibu.

"Usichume mpaka nifike."

Fanuel alisoma ujumbe ule amesimama mlangoni. Hata mtoto mdogo wa Uriri anajua kwamba sukuma wiki haingoji miaka miwili, itachanua na kukauka, na Phanice, aliyekulia shambani, alijua hivyo pia. Akarudi ndani, akajiuzia pakiti nyingine.