Sidii ya shamba la ulezi iliyookoa majina ya parokia

Saa moja na nusu asubuhi Silvana anafungua ofisi ya parokia, pembezoni mwa mji wa Sumbawanga, akiwa amevaa sweta mbili, na kitenge juu yake. Ni Julai 2009, na upepo unaoshuka kutoka milima ya Mbizi haumwonei mtu huruma. Anapuliza viganja, anaondoa kitambaa cha kufuma kinachofunika kompyuta, anabonyeza kitufe.

Kioo kinakuwa cheusi. Maandishi meupe yanaanza kukimbia kwenda juu. Mzee Romani, mkulima wa kijiji cha Kate aliyelala mjini kwa ndugu yake ili awahi, anainuka kwenye benchi.

"Mwanangu, imeharibika?"

"Hapana, baba. Inaamka tu."

"Inaamka na maneno mengi hivyo?"

"Wapo watu wa namna hiyo pia," anajibu Silvana, na mzee anacheka hadi anakohoa.

Romani amefuata cheti chake cha ubatizo. Ameishi na mkewe, Coleta, miaka thelathini na minne bila kufunga ndoa kanisani, na wamepata watoto saba. Sasa Coleta miguu imemlegea, na amesema hataki kitu kingine duniani ila pete. Bila ushahidi kwamba Romani alibatizwa, Padre hawezi kutangaza ndoa hiyo.

Lakini asubuhi hii Silvana hakai kwenye kiti. Anayekaa ni Polikarp, katibu wa parokia, mwenye umri wa miaka hamsini na saba, ambaye hadi Januari alikuwa hajawahi kugusa kibodi. Silvana anasimama nyuma yake, mikono ameifungia kwapani, kwa sababu ya baridi na kwa sababu nyingine pia.

Ana umri wa miaka ishirini na mitatu na anasomea kompyuta katika chuo kimoja mjini Mbeya. Likizo zote hufanya kazi hapa, kwa posho ya shilingi elfu arobaini kwa mwezi. Baada ya wiki sita anarudi chuoni. Jumapili hii halmashauri ya parokia inakaa, na swali lililo mezani ni moja: akiondoka Silvana, nani ataiendesha mashine hii?

Ikiwa hakuna, kompyuta itarudishiwa Windows, ambayo kila duka la kuchapa mjini linaijua. Programu aliyoiandika Silvana kwa mwaka mzima, ya kutafutia majina ya waliobatizwa, itakwenda kabatini.

"Siwalaumu," anasema. "Kitu anachokijua mtu mmoja ni mzigo. Akiugua, nanyi mmeugua."

Kompyuta hii hutumia Linux, mfumo unaoendesha mashine kama Windows inavyofanya, ila huu hutolewa bure. Mwenye nao anaruhusiwa kuunakili na kuugawa, hata kuufungua aone ulivyoandikwa. Sumbawanga yote, Silvana anawafahamu watu watatu wanaoutumia. Mmoja wao ni yeye.

Hakuuchagua kwa ushujaa. Alikimbilia huko alipoishiwa njia.

Mwaka 2007 alipewa kazi ya kunakili vitabu vya ubatizo. Aliandika majina elfu kumi na moja na mia mbili, likizo baada ya likizo, kwenye Windows ya kunakili ambayo hakuna aliyejua imetoka wapi. Machi mwaka uliofuata, mvua iliingia kwenye paa la chumba cha kumbukumbu ikakilowesha kitabu cha tatu, cha kuanzia 1946 hadi 1958. Kurasa ziligandana kama ugali uliolala. Tangu siku hiyo majina ya kitabu hicho yalibaki kwenye kompyuta tu.

Halafu ikaja flashi ya kwaya. Ilikuwa imezunguka studio mbili na duka la picha kabla ya kuchomekwa pale, ili Padre asikilize nyimbo za Pasaka. Asubuhi iliyofuata folda ya majina haikuwepo.

"Nililia," anasema Silvana bila kuona haya. "Nililia mbele ya Padre. Watu elfu kumi na moja, mimi ndiye niliyekuwa nimewashika."

Fundi aliitwa kutoka mjini. Akatazama, akatikisa kichwa, akasema dawa ni moja: kupiga Windows upya, na vilivyomo vyote vifutike. Silvana akaomba apewe siku moja.

Alikuwa amekumbuka sidii. Rafiki yake wa chuo, Enock, aliagiza sidii tano za Linux, zikaja kwa posta bila malipo, akampa zote. Silvana alikuwa amesoma kwamba mtu anaweza kuwasha kompyuta kwa sidii hiyo bila kugusa kilichomo ndani. Akaenda nyumbani kuzitafuta. Hazikuwepo kwenye sanduku.

Mama yake, Fransiska, anasimulia sehemu hii mwenyewe, nasi tunamwachia.

"Mimi nilijua ni zile za nyimbo zilizokufa. Ulezi ulikuwa unaiva, ndege wamejaa. Nikazitundika kwa kamba shambani, zikawa zinameremeta kwenye upepo. Ndege hawakusogea! Mwaka ule nilivuna vizuri kuliko majirani."

Silvana alikimbia shambani kabla jua halijazama. Nne zilikuwa zimekwaruzwa na mabua. Ya tano ilikuwa na vumbi na kinyesi cha ndege, ndege mmoja ambaye kwa wazi hakutishika. Aliiosha kwa maji ya sabuni, akaikausha kwa khanga, na kesho yake akaitia kwenye kompyuta ya parokia.

Mara ya kwanza ilikataa. Ya pili ikakataa. Ya tatu kioo kikawa cheusi, maandishi yakakimbia, na baadaye kikatulia. Akafungua diski. Folda ya majina ilikuwa pale pale. Virusi havikuwa vimeifuta, vilikuwa vimeificha, na mfumo huu mgeni haukuwa na habari na amri hiyo ya kuficha.

"Sikupiga kelele," anasema. "Nilihesabu majina kwanza. Halafu ndiyo nikapiga."

Mwezi huo huo alihamia Linux moja kwa moja, na wala haikuwa harusi. Printa ilisusa wiki tatu. Chuoni mitihani ilikuwa ya Windows, na wenzake wakamwita Sista, kana kwamba amekimbilia utawani. Kila programu iliyokosekana ilimbidi aipakue Mbeya, aisafirishe kwa basi, na ikifika akute imekosa kipande. Mara mbili alitaka kurudi alikotoka.

Kilichomzuia ni kwamba milango ilikuwa wazi. Alisoma programu za wengine zilivyoandikwa, akajifunza kuandika ya kwake. Hiyo ya kwake ina jambo ambalo mtu wa mbali asingelifikiria: haianzi kwa kuuliza tarehe.

"Wazee wetu hawajui tarehe," anaeleza. "Lakini hakuna Mfipa wa parokia hii asiyemjua msimamizi wake wa ubatizo."

Na sasa Polikarp ameweka vidole viwili kwenye kibodi.

"Mzee, ulibatizwa lini?"

"Wakati wa kuvuna ulezi. Mwaka siujui."

"Msimamizi?"

"Marehemu Oswaldi, fundi viatu. Alininunulia shati."

Polikarp anaandika herufi moja moja. Yanatokea majina kumi na manne, maana Oswaldi alikuwa mtu wa watu. Polikarp anasita. Anamtazama Silvana. Silvana anatazama dari, na ndipo inapoonekana sababu nyingine ya mikono yake kufungwa kwapani.

"Baba yako nani, mzee?" anauliza Polikarp polepole.

"Timoth."

Linabaki jina moja. Juni 1949, kitabu cha tatu. Mzee Romani anainama kusoma, kisha anapiga magoti kidogo na kugonga viganja, taratibu, kama Wafipa wanavyomshukuru mkubwa. Anaishukuru kompyuta, au Polikarp, au Oswaldi, hasemi.

"Coleta atafurahi," anasema tu.

Silvana ana mpango wa kuipeleka programu hiyo kwenye parokia za Muze na Mwimbi akimaliza chuo, na kuigawa bure kama naye alivyopewa bure. Mama yake naye ana mpango: ameagiza sidii nyingine tano kwa ajili ya msimu ujao.

Lakini tumaini kubwa la Silvana ni dogo kuliko hayo. "Nikiwa Mbeya, simu isilie."

"Nenda kanywe uji," Polikarp anamwambia bila kugeuka. "Unanizibia mwanga."

Anatoka. Anasimama juani, karibu na mlango, kikombe cha uji wa ulezi mkononi. Anasubiri kusikia cheti kikichapwa. Anapiga hatua moja kurudi, anajizuia. Kisha printa inaanza kukoroma.

Silvana anakunywa uji wake.