Mashine Isiyojua Kusalimia

Miaka ya tisini, nikiishi peke yangu mjini, mtaa wa Milimani, nilinunua mashine ya kupokea simu nisipokuwepo na kunasa ujumbe kwenye kanda. Ujinga mtupu! Hakuna aliyekuwa akinipigia ila mama, na yeye ilibidi asafiri kutoka kijijini kwetu Usenge hadi posta ya Bondo ndipo apate simu.

Siku moja nilirudi kutoka kazini nikakuta taa nyekundu ya mashine inawaka. Nikabonyeza. Mama alikuwa amesikia sauti yangu ikisema sipo, lakini kwetu mtu haanzi mazungumzo bila salamu, basi akaisalimia mashine. "Habari ya huko?" Akanyamaza, akingoja jibu. "Na kazi?" Akangoja tena. "Mbona huitikii? Nani amekufundisha tabia hii?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikarudisha kanda nyuma, nikavuta kiti, na kila aliponyamaza nikamjibu. Nzuri, Mama. Kazi iko. Nisamehe, Mama.

Mwishoni akauliza, "Na hapo nyumbani uko na nani?"

Akangoja sana. Nami nikangoja naye, mpaka kanda ikaisha.