Ubeti wa Festo

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa pamba, chupa ya spiriti na deki kumi na mbili za kusafisha vichwa. Kichwa cha deki ndicho kinachosoma utepe wa kaseti. Kikishika uchafu, mwimbaji anasikika kama amefunikwa blanketi. Duka lilikuwa Temeke, kazi yake kunakili muziki na kuuza. Meneja alinitazama mikono kabla ya uso, akaniuliza umri, nikamdanganya. Wazazi wetu walikuwa wameshafariki, shule niliiachia darasa la sita, na nyuma yangu walikuwepo wadogo wawili, Festo na Agnesi.

Nilisafisha vichwa mwaka mzima. Kisha nikahamishiwa meza ya Fundi Mkuu, mzee mpole wa Kimbiji, aliyenifundisha kutengeneza kanda mama. Hiyo ndiyo kaseti ya kwanza kutoka kwenye rili, utepe mpana wa kurekodia wa studio, na nakala zote huzaliwa kwake. Kosa la kanda mama ni kosa la mji mzima.

Kaseti zetu zilikuwa za dakika sitini, thelathini kila upande. Za tisini utepe wake ni mwembamba, mashine zinautafuna. Wimbo ukizidi hukati ghafla. Unashusha sauti polepole huku ukihesabu mpaka kumi. Tuliita kufifisha.

“Msikilizaji asijue ameporwa,” alisema Fundi Mkuu.

Nikawa hodari wa kufifisha kuliko wote pale dukani.

Festo alipokua akaingia bendi ya vijana wa Kinondoni, Nyaya Sita. Walipiga roki laini, gitaa la umeme linalolia na kinanda chini yake. Kinanda kilikuwa cha Festo. Watu walitaka dansi, kwa hiyo ukumbi ulijaa nusu tu. Hata hivyo walirekodi albamu moja, Barua Bila Stempu, na rili yao, iliyokuwa moja tu, ikaletwa dukani kwetu.

Upande wa pili ulikuwa na dakika thelathini na tatu. Wimbo wa mwisho uliitwa Mlango wa Uani. Kiongozi wao aliimba beti mbili, kisha gitaa, kisha ubeti wa tatu akaimba Festo, mara yake ya pekee. Aliutunga mwenyewe, juu ya dada anayeacha komeo wazi mpaka mdogo wake arudi salama. Neno la kwanza la ubeti ule ni “Dada”. Sikuhitaji kuuliza dada gani.

Nilimwomba Meneja tuondoe wimbo mwingine badala ya kuufifisha ule. Hakuinua macho.

“Binti, wewe una bendi au una kazi?”

Agnesi alikuwa bado shuleni. Nikajibu nina kazi.

“Basi fifisha.”

Nilififisha pale gitaa linapomalizia, kabla Festo hajaanza. Ila sikuhesabu kumi. Nilihesabu kumi na tano. Fundi Mkuu alisikia, akavua miwani na kuanza kuifuta.

Festo aliisikiliza nyumbani mpaka mwisho, akacheka kidogo.

“Umefifisha vizuri, Dada. Hata mie sijui nimeondoka saa ngapi.”

Hakulitaja tena. Baadaye alikwenda Zambia na bendi nyingine, tukapata barua kwamba ameugua, kisha barua kwamba wamemzika huko. Rili ilioza kwa maji ya mvua nyumbani kwa kiongozi wao. Nakala sikuwahi kujiwekea. Niliona ni kujitonesha.

Nilipelekwa tawi la Buguruni, nikawa Fundi Mkuu mwenyewe, nikafundisha wengi kuhesabu mpaka kumi. Kisha Kinondoni, enzi za sidii, ambako kompyuta ilifanya kila kitu na mimi nikabaki kupanga makasha. Siku ya kustaafu Meneja wa zamu alinipa khanga na mkono. Agnesi ameolewa Songea. Mlango wa uani siku hizi naufunga mapema.

Mwaka huu alikuja binti wa Ukonga, Zuhura, anayekusanya kanda za zamani.

“Shikamoo, bibi. Nasikia ulikuwaga fundi wa kanda.”

Alikuwa na nakala tano za Barua Bila Stempu, kila moja kaiokota mtaa wake, na zote zinaishia palepale. Alitaka kuiweka albamu mtandaoni, watu wajue kulikuwa na bendi kama ile. Akasema anapenda ule mwisho, wimbo kuondoka bila kuaga, ndiyo staili yao.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna mwingine anayejua.

“Si staili, mwanangu. Ni mkono wangu,” nikamwambia, na nikamweleza yote.

Zuhura alitia kaseti moja kwenye kinasa chake. Kisha akanivalisha spika za masikioni, akapandisha sauti ya ule mwisho mpaka juu kabisa. Gitaa likazama, ukabaki mvumo wa utepe. Nikahesabu kama zamani. Kwenye kumi na tano, chini ya mvumo, mtu akavuta pumzi kwa pua, na kifilimbi kidogo ndani yake. Festo alikuwa na kifua tangu utotoni. Pumzi ile nimelala nayo chumba kimoja miaka mingi.

Zuhura aliniomba niuimbe ubeti wa tatu, auunganishe. Maneno ninayo yote. Nilikataa, nikamwambia aiweke kama ilivyo, na aandike kwamba wimbo haukuishia hapo, fundi ndiye aliyeukata.

Kaniachia nakala moja. Naisikiliza mchana, nyumba ikiwa tupu, na kila mara nahesabu. Laiti ningefika kumi na sita, angekuwa ameniita.